Trela ya Waliochelewa

Kakamega mjini.
(Tarehe nimeiandika nyuma ya bahasha, siku, mwezi na mwaka. Sababu utaiona mbele.)

Dada yangu Mwanasha,

Assalaam alaikum, wewe na yeyote aliyekaa nawe hapo barazani wakati unaisoma, ajichukulie sehemu yake. Kabla ya mengine nijulie hali: lile goti la kushoto limeacha kulalamika? Dawa ya macho unaitia, au umeiweka kabatini ipone yenyewe? Na yule mbuzi mweupe bado anakula kanga za jirani? Mimi ni mzima. Mvua ya huku hunyesha kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na baada ya miaka kumi na minane nimezoea kuanua nguo saa nane bila kutazama juu.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi. Wewe mwenyewe ulisema kwamba sauti ninazokutumia kwa simu hukatika kila ninapofika penye maana. Na mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu, kabla hatujaagana, uliniuliza, kwa ile sauti yako ya upole ambayo humchoma mtu kuliko kelele: "Huko Kakamega hakuna stendi ya basi?" Nikacheka, nikakuuliza bei ya samaki. Swali lako nimelibeba tangu siku hiyo. Jibu limo humu, lakini liko mwisho, na tafadhali usiruke kurasa. Nakujua.

Nianze na kazi, maana ndiko jibu lilikotokea. Unakumbuka nilikuja huku kama fundi wa kutengeneza redio za watu, nikaingia kituo hiki cha redio ya umma kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mtambo wao ulizimika na mimi ndiye niliyekuwa karibu na bisibisi. Shule ya mambo haya sikuisoma. Nimeyasoma kwa kupigwa na umeme. Sasa mitambo imekuwa midogo, haiharibiki kwa heshima kama zamani, na kazi yangu kubwa ni nyingine: kila kinachosemwa hewani nakirekodi, nakipunguza, nakiweka kwenye mtandao ili mtu akisikilize kwa simu saa anayotaka yeye. Ndiyo mtindo wa sasa. Zamani redio ilikuwa kama mvua: ikinyesha na huna ndoo, umeikosa. Siku hizi kila mtu ana tangi lake.

Aliyekataa tangi ni Bi Muhonja. Huyu ni mtangazaji wetu wa matangazo ya vifo, mama mnene wa miwani, ana miaka zaidi ya ishirini kwenye kiti kimoja. Dada, kwetu mtu akifa habari hutoka msikitini, na alasiri tumeshamzika. Huku maiti hungoja, wiki au zaidi, watu wakusanyike, na kinachowakusanya ni redio. Saa saba mchana hutajwa jina la marehemu, mumewe au mkewe, watoto, wakwe, na wale walio mbali ambao habari hizi ziwafikie popote walipo. Ukitajwa umetajwa. Usipokwenda, hata miaka kumi baadaye utaambiwa sokoni, "Wewe uliitwa kwa redio ukakaa."

Na Bi Muhonja anajua kusoma. Nimewasikia wasomaji wengi, pamoja na maimamu wetu, lakini huyu ana kitu. Akitaja jina hunyamaza kidogo, kiasi cha mtu kuweka jembe chini. Akitaja la pili hunyamaza tena. Mimi nikiwa mgeni nilidhani anatafuta miwani. Nilipokaa ndipo nikafahamu kwamba zile nafasi anawaachia wenyewe, waseme "wooi" bila kupitwa na jina linalofuata.

Nilipomweleza kwamba sauti yake nayo itawekwa kwenye simu, alinitazama kama mtu aliyeletewa mchuzi wenye nywele.

"Sauti yangu si obusuma ya jana, ati mtu anapashanga moto akunywe na chai," alisema. Obusuma ndio ugali wao, na ugali wa jana ni wa asubuhi, si wa mgeni.

"Bi Muhonja, ni amri ya meneja."

"Basi rekodi. Lakini we Mswahili, hiyo mkasi yako, siku moja itakata mtu kichwa."

Meneja wetu si mtu mbaya. Ametoka makao makuu na ana kompyuta inayochora vilima na mabonde ya wasikilizaji. Kilima cha saa saba mchana kilikuwa kinashuka mwaka hadi mwaka, na alituita akatuambia waziwazi: siku hizi msikilizaji anajichagulia. Atachagua mpira, atachagua mahubiri, atachagua vichekesho. "Sasa nani ataamka asubuhi achague matangazo ya vifo?" Alimpa Bi Muhonja miezi mitatu. Vilima visipopanda, ile saa itajazwa muziki, naye apumzike. Bi Muhonja aliuliza kupumzika maana yake nini. Meneja akasema ni kupumzika tu.

Basi kipindi chake kikawa kinaning'inia, na kila mtu kituoni akawa anampisha mlangoni kama mjane. Mimi niliamua kumsaidia. Hapa ndipo nakuomba, dada, usome huku umekaa.

Nilijua watu wengi huku hununua intaneti kidogokidogo, kwa vipimo vya chumvi. Nikasema, nikifupisha matangazo yake, watu wengi zaidi wataweza kuyafungua, vilima vitapanda, na Muhonja wetu atabaki. Nikawa nakata. Nikakata kwanza zile nafasi zake za kunyamaza. Kisha nikakata salamu zake za mwanzo, maana alikuwa akianza kwa kumsalimu kila mtu mpaka walio hospitali, ndipo ataje siku na tarehe. Rekodi ikatoka nyepesi, tupu, jina juu ya jina. Niliiona kazi safi sana. Fundi aliyejifundisha mwenyewe ana ubaya mmoja: hakuna wa kumwambia amekosea mpaka jengo lianguke.

Likaanguka siku ya Jumamosi. Nilikuwa zamu studioni, meneja na Bi Muhonja nao wapo, simu ikalia. Alikuwa Mzee Ambetsa wa Buyangu, kule upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, anakootesha miche. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia na kukasirika kwa zamu.

"Hiyo redio yenu imetuaibisha," alisema. "Tuko Lugari. Tuko na kuku, tuko na kwaya, na mtu alishazikwa wiki mbili. Tumelilia kaburi imekauka."

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Wanjala wa Lugari, mkulima wa mahindi, alikuwa amefariki. Ujanani alifanya kazi ya msitu kule Isecheno pamoja na Ambetsa, na tangazo lake lilisema habari ziwafikie Mzee Ambetsa na wote waliopanda miti na marehemu, mazishi ni Jumamosi hii. Ambetsa kule kitaluni hana mtandao. Akija sokoni huijaza simu yake matangazo kama mtu anavyojaza kibuyu, halafu huyanywa polepole akiwa anamwagilia miche. Siku aliyolifikia tangazo la Wanjala lilikuwa limeshalala zaidi ya wiki. Lakini mtu atajuaje kwamba limelala, ikiwa tarehe yake imebaki kwenye mkasi wangu mimi, Hamisi wa Msambweni?

Alisikia jina lake, akaweka chini mkebe wa maji. Aliwakusanya wazee waliobaki wa siku zile, akaongeza kina mama wa kwaya ya kanisa. Kwa kuwa ni wengi, wakaazima trekta ya mpwa wake inayovuta miwa, wakapanda wote kwenye trela na kutoka alfajiri. Makapi ya miwa bado yalikuwa yamo humo ndani, walikuja wakinukia sukari mpaka Lugari.

Meneja alipoweka simu chini alimgeukia Bi Muhonja. "Nilikuwa natafuta sababu nzuri ya kufunga hiki kipindi," alisema. "Wewe umeniletea mbaya."

Bi Muhonja akachukua mkoba wake. Mimi nilinyamaza, na kimya changu hakikuwa kile cha kumwachia mtu nafasi.

Tukaingia kwenye gari la kituo, sote watatu, kwenda kuomba radhi. Njiani Bi Muhonja alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Labda nilisahau kutaja tarehe," alisema. Mama huyu hajasahau tarehe tangu nimjue. Nikatazama mahindi dirishani. Mahindi ya Lugari ni marefu, yanafaa kutazamwa na mtu mwenye lake.

Tulipofika tulikuta ua umejaa watu na hakuna aliyejua akae au aondoke. Desturi ya huku ni kuanza kulia ukiwa bado njiani, na trela nzima ilikuwa imeingia langoni ikilia, kwaya ikiimba. Majirani walikuja mbio na majembe mikononi wakiulizana nani tena amekufa. Mjane mwenyewe, Mama Nafula, alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharagwe. Trekta ilikuwa imezimwa katikati ya ua. Mzee Ambetsa, mrefu, mkavu, koti la zamani, amesimama na jogoo kwapani na mche wa mti mkononi. Ulikuwa mche wa lusiola, mti wa maua ya manjano ambao huku hujengea nyumba.

Meneja alianza hotuba ya kuomba radhi. Mzee Ambetsa akamkatiza. "Wewe ngoja. Sikiza kwanza vile nilisikia mimi." Akampa mtu jogoo ashike, akatoa simu, akaibonyeza, akaiinua juu.

Dada, sijawahi kuisikia kazi yangu mbele za watu. Ilitoka sauti ya Bi Muhonja, jina, jina, jina, bila pumzi, kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Hakuna salamu, hakuna siku. Bi Muhonja alijisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akanitazama, na hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikasimama. "Tarehe aliitaja," nilisema. "Mimi ndiye niliyeikata. Na zile nafasi pia."

"Kwa nini?" aliuliza Mzee Ambetsa.

"Ili iwe fupi."

Mzee alifikiri. "Mtu amekufa," alisema, "na wewe una haraka ya wapi?"

Meneja akavuta pumzi kumalizia radhi yake, nami nikajua kwamba akifika mwisho wa hotuba ile, kipindi cha Bi Muhonja kimezikwa palepale kando ya Wanjala.

Ndipo Mama Nafula akaweka ungo wa maharagwe chini. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na huzungumza akitazama mikono yake.

"Hii Jumamosi yenye mnasema ndiyo ya ukweli," alisema, "watu walijaa hapa mpaka wakaangusha ua. Mimi niliulizwanga sufuria iko wapi, maji imetosha, pasta amekula. Sikulia. Sikupata nafasi. Jumapili wakaenda wote, hata viti vikaenda. Hii wiki mbili nimekaa na kuku tu. Leo nimesikia watu wanamlilia Wanjala kwa lango, nikasema basi si mimi pekee yangu namkumbuka. Wale wa kwanza walikujia marehemu. Hawa wamenikuta mimi."

Majirani wakaweka majembe chini.

"Na mimi ndiye nilisema waitwe," aliendelea. "Jumamosi ile nilitafuta Ambetsa kwa watu, sikumwona, nikasema wazee wa msitu wametusahau. Kumbe walikuwa njiani. Walisikia lini, hiyo si shida yangu. Wamesikia."

Mzee Ambetsa alishika kofia yake mikono miwili. "Sasa mama," aliuliza kwa adabu kabisa, "tulie ama tusilie?"

"Lieni," alisema Mama Nafula. "Nitawasaidia."

Na wakalia, dada. Yeye katikati yao, kina mama wa kwaya wamemshika mabega, na Bi Muhonja ameingia humo humo. Mimi nimekaa huku miaka yote nikidhani kilio chao ni kirefu mno. Siku hiyo niliiona kazi yake. Walipomaliza, mche ukapandwa upande wa kichwani, na wazee wa msitu wakabishana kuhusu kina cha shimo mpaka mjane akacheka. Yule jogoo naye akapikwa. Ingokho ya Lugari, ndiyo kuku wao, haina haraka kama mimi, ililetwa inavyostahili, na meneja aliongezewa mara mbili bila kukataa.

Ni katika kula ndipo aliponiuliza, kwa sauti ya chini, kama ni wengi wanaosikiliza matangazo ya vifo siku zikiwa zimepita. Nikamwambia ukweli ambao nilikuwa nao muda wote na hakuna aliyeniuliza: katika vyote ninavyoweka kwenye mtandao, hakuna kinachofunguliwa kama matangazo hayo. Mpira haukaribii. Wanayafungua walinzi walioko Uarabuni wakati wa mapumziko, madereva wa malori wakiwa Mombasa, wauguzi wakitoka zamu, watu wa msituni. Vilima vyake vya saa saba vilishuka kwa sababu watu walihamia saa nyingine, kila mmoja na yake.

"Sikudhani mtu anaweza kuchagua kifo," alisema meneja.

Bi Muhonja alikuwa akitafuna paja. "Meneja, hawachagui kifo," alisema. "Wanaangalia kama wameitwa."

Meneja akajipakulia mchuzi. Lakini wiki iliyofuata kipindi kilibaki, hewani na kwenye simu. Saa yetu ya pili, ya Jumamosi jioni, tulinyang'anywa, imewekwa muziki, na Bi Muhonja husema muziki huo ni wa kuua panya. Sitaki kukuambia kwamba tumeshinda kila kitu. Ila sasa tangazo halipandi mtandaoni bila tarehe kamili, mwanzo na mwisho, na zile nafasi zake zote nimezirudisha. Tena mimi nazisikiliza moja moja, nizijue.

Na ameongeza jambo lake mwenyewe, ambalo hakuna meneja aliyemfundisha. Baada ya wiki mbili za kila mazishi hurudi hewani na kusema maneno machache: mazishi ya fulani yalifanyika tarehe fulani, na mjane, au mume, au mama, bado yuko nyumbani. Basi. Hakuna mwaliko mwingine. Rekodi hiyo inakaa, mtu aliyeko mbali huikuta anapoikuta. Tumeanza kupata habari za watu wanaoshuka njiapanda na mkate na sukari, mwezi mmoja baadaye, wakiuliza kwa fulani ni wapi. Yule aliyekataa obusuma ya jana sasa ndiye mpishi wake. Nilipomkumbusha alisema, "Nyamaza, we mkasi."

Sasa lile jibu lako.

Shemeji Athumani alipofariki ulinipigia saa nne asubuhi. Ulisema watamzika baada ya sala ya alasiri. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ya saa za basi mpaka Nairobi, saa za Nairobi mpaka Mombasa, kivuko, na njia ya Msambweni. Nikaona nitafika kesho yake, kaburi limekauka. Nikajiuliza, nikifika nitafanya nini? Nikabaki. Nikakutumia pole kwa simu, ikakatika penye maana. Eda uliikaa miezi minne na siku kumi, nami nilikuwa na basi la kila siku, na sikuja, kwa kuwa nilishachelewa mara moja na nikaona haya kuchelewa zaidi. Stendi ya basi ipo, dada. Iko nyuma ya soko, mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani kwangu.

Nilihesabu kwa saa ya marehemu. Ya kwako sikuihesabu. Nisamehe.

Nimeomba likizo, Bi Muhonja amenishikia zamu. Tarehe ya kufika kwangu ni hiyo iliyo nyuma ya bahasha. Sikuandika "wiki ijayo" wala "Jumamosi hii", maana najua barua zako hukaa chini ya kitambaa cha meza mpaka umpate wa kukusomea maandishi madogo.

Nisalimie mjomba Bakari fundi viatu, mwambie vile alivyonishonea bado vinakataa kufa. Nisalimie shangazi Mwanahamisi mkunga, aliyenipokea mimi na anayedai mpaka leo kwamba nilichelewa kuzaliwa. Msalimie Zuhura mwanao, mwalimu wetu, na umwambie asisahihishe barua hii kwa kalamu nyekundu kabla hajakusomea. Bi Muhonja naye anakupa mulembe, ambayo ni salamu ya huku, na anauliza kama kweli sisi hatuleti kuku msibani.

Nitakuja na kuku.

Ni mimi mdogo wako aliyechelewa,
Hamisi